Dubai: Kemia mikononi mwa wasiosoma sayansi

Mwanafunzi wa biashara, wa uandishi wa habari au wa usanifu anayejiunga na chuo kikuu kinachofuata mfumo wa Marekani mjini Dubai hugundua mapema jambo ambalo pengine hakulitarajia: hawezi kuhitimu bila ya kupitia darasa la sayansi.

Vyuo hivyo, miongoni mwao Chuo Kikuu cha Marekani mjini Dubai kilichoanzishwa mwaka 1995 na Chuo Kikuu cha Marekani cha Sharjah kilichoanzishwa mwaka 1997 katika emirati jirani, huwataka wanafunzi wa fani zote wapitie kwanza masomo ya msingi. Sayansi imo ndani yake. Hivyo darasa la kemia la mwaka wa kwanza huweza kuwakusanya pamoja kijana wa Kiimarati anayetaka kuendesha kampuni ya familia, msichana wa Kihindi anayesomea matangazo, na Mkenya au Mtanzania aliyefuata masomo ya hoteli na utalii.

Wengi wao hufika wakiwa na hofu. Katika shule za sekondari za serikali za Umoja wa Falme za Kiarabu, hadi katikati ya miaka ya 2010, wanafunzi waligawanywa katika mkondo wa sayansi na mkondo wa fasihi, na aliyekwenda upande wa fasihi aliipa kemia kisogo. Tanzania nako, kwa miaka mingi mwanafunzi aliweza kuliacha somo hilo baada ya kidato cha pili. Anachokumbuka mtu wa namna hiyo ni jedwali la elementi lililobandikwa ukutani, milinganyo iliyokataa kulingana, na mwalimu aliyeandika ubaoni kwa Kiingereza huku darasa zima likinakili bila kuelewa.

Swali linalowakabili walimu ni hili: mtu huyo, ambaye hatakuwa mkemia wala mfamasia, afundishwe nini katika muhula mmoja, na kwa njia gani?

Swali lenyewe si jipya. Mwanzoni mwa karne ya 19 mjini London, mwanamke aitwaye Jane Marcet alitunga kitabu cha mazungumzo kati ya mwalimu na wanafunzi wake wawili wa kike, kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuwa na nafasi ya kuingia katika maabara. Miongoni mwa waliokisoma alikuwamo kijana fukara aliyekuwa akijifunza kazi ya kujalidi vitabu, Michael Faraday. Baadaye Faraday akawa mmoja wa wanasayansi wakubwa wa zama zake, na katika majira ya Krismasi ya mwaka 1860 aliwafundisha watoto kemia yote aliyotaka waijue kwa kutumia kitu kimoja tu: mshumaa unaowaka.

Njia hiyo ya kuanza na kitu ambacho mwanafunzi tayari anacho mkononi ndiyo inayopendekezwa hivi sasa na walimu wengi wanaowafundisha kemia wasiosoma sayansi. Chama cha Kemia cha Marekani kilitoa mwaka 1994 toleo la kwanza la kitabu cha kiada kilichoandikwa kwa ajili yao, kikianza na hewa, maji na nishati badala ya kuanza na atomi. Na mwalimu aliyeko Dubai, ukweli ni kwamba hana haja ya kwenda mbali kutafuta mifano.

Chumvi ya Ghuba

Dubai haina mto. Maji yanayotoka bombani humo karibu yote yalikuwa maji ya bahari, yakasafishwa katika mitambo mikubwa ya Jebel Ali, kusini magharibi mwa mji. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 uwezo wa mamlaka ya umeme na maji ya Dubai wa kuondoa chumvi ulikuwa umefikia galoni milioni 490 kwa siku, sawa na zaidi ya lita bilioni 2.

Mwanafunzi anaweza kuzisoma tarakimu hizo na kuzisahau kabla ya chakula cha mchana. Lakini apewe mililita 100 za maji aliyoyateka mwenyewe ufukweni Jumeirah, na kabla ya kuyagusa aandike kwenye karatasi ni gramu ngapi za chumvi anazotarajia kuzipata. Kisha ayachuje, ayachemshe polepole katika kibakuli hadi yakauke, akiwa amevaa miwani ya kukinga macho kwa sababu chumvi ikikaribia kukauka huruka, na mwisho aipime katika mizani.

Atapata kiasi cha gramu 4, ambazo hazijai kijiko kimoja cha chai. Wapo watakaokuwa wameandika gramu 30, wapo watakaokuwa wameandika nusu gramu. Bahari kuu, ile inayopiga pwani za Zanzibar na Mombasa, ina kiasi cha gramu 35 za chumvi katika kila lita. Ghuba ina gramu 40 au zaidi, kwa kuwa jua lake ni kali, maji yake si ya kina kirefu, na mlango wake wa kutokea baharini, Hormuz, ni mwembamba. Ndoo ya lita 20 iliyotekwa hapo Jumeirah, basi, ina karibu gramu 800 za chumvi. Hesabu hiyo mwanafunzi huifanya mwenyewe bila ya kuambiwa kwamba anafanya hesabu.

Hatua inayofuata ni kuyapata maji badala ya chumvi. Bakuli pana hutiwa maji ya bahari, katikati yake huwekwa kikombe kitupu, juu hufunikwa kwa karatasi ya plastiki, na jiwe dogo huwekwa juu ya plastiki pale katikati ili iiname kuelekea kikombeni. Chombo hicho huachwa juani. Maji hupaa kama mvuke, hugusa plastiki, hugeuka matone na kudondoka kikombeni yakiwa hayana chumvi.

Jaribio hilo lilikuwa miongoni mwa yale yaliyofanywa na wanafunzi wa nchi nyingi mwaka 2011, ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kemia. Inafaa kukumbukwa kwamba azimio la kuutenga mwaka huo liliwasilishwa katika Baraza Kuu na nchi ya Kiafrika, Ethiopia.

Kutoka kwenye bakuli hadi Jebel Ali pana hatua moja kubwa. Kusubiri jua hakuwezi kuunywesha mji wa mamilioni ya watu, na kuchemsha bahari kwa moto wa kawaida ni ghali mno. Kwa hiyo mitambo iliyojengwa huko kwa miongo kadhaa huyapitisha maji ya moto katika mfululizo wa vyumba, kila kimoja kikiwa na kani ndogo ya hewa kuliko kilichotangulia. Kani ya hewa ikipungua, maji huchemka kwa joto dogo zaidi, na kila chumba hutoa mvuke wake. Wanafunzi waliokulia nyanda za juu za Afrika Mashariki wanalijua jambo hilo bila ya kujua kwamba ni kemia: Nairobi, iliyo juu sana kuliko usawa wa bahari, maji huchemka kwenye takriban nyuzi 95 badala ya 100, ndiyo maana maharage huchukua muda mrefu zaidi jikoni kuliko Mombasa. Katika miaka ya karibuni Dubai imekuwa ikielekea kwenye njia nyingine, ya kuyasukuma maji kwa nguvu kupitia utando unaoizuia chumvi, kwa kuwa hutumia nishati kidogo zaidi.

Hapo tena huletwa sabuni. Chupa moja hutiwa maji ya bomba, nyingine maji ya bahari, ya tatu maji ya kisima ikiwa yanapatikana. Kila moja hutiwa kipande kidogo cha sabuni ya mche na kutikiswa kwa idadi ileile ya mara. Ya kwanza hujaa povu. Ya pili hutoa ukoko mweupe unaoelea. Msikilizaji aliyewahi kufua kwa maji ya kisima kilichochimbwa katika mawe ya matumbawe, iwe Lamu, Pemba au Mtwara, hana haja ya kuelezwa zaidi: kalisi na magnesi zilizomo majini huishika sabuni na kuigeuza utando kabla haijapata nafasi ya kutoa povu. Lazima iwe sabuni ya kweli, si maji ya kuoshea vyombo, ambayo hutengenezwa kwa namna nyingine na hutoa povu hata katika maji magumu. Tofauti hiyo yenyewe ni somo la siku nyingine.

Rangi iliyotoweka

Katika maduka ya viungo ya Deira huuzwa maua makavu mekundu ambayo Waarabu huyaita karkade na Watanzania rosela au choya. Yakichemshwa hutoa kinywaji chekundu. Mwalimu wa kemia huyatazama kwa jicho jingine: rangi yake hubadilika kulingana na kinachochanganywa nayo.

Kisahani cha kugandishia barafu, kile chenye vijumba vya mraba, hugeuka maabara. Kila kijumba hutiwa maji ya rosela, kisha matone machache ya kitu tofauti: ndimu, siki, soda ya kuokea mikate, maji ya sabuni, maji yaliyochujwa kutoka kwenye majivu. Penye tindikali wekundu hung'aa zaidi. Penye alkali rangi huenda kwenye zambarau, samawati hata kijani. Neno alkali lenyewe ni la Kiarabu, nalo latokana na majivu ya mimea fulani ya jangwani yaliyotumika zamani kutengenezea sabuni na vioo. Kwa mwanafunzi wa Kiimarati ambaye siku zote aliiona kemia kuwa ni somo la lugha ya kigeni, dakika hiyo moja huweza kumfungulia mlango. Na yule aliyetoka Afrika Mashariki huenda akamkumbuka bibi yake akitia magadi kwenye maharage.

Mpaka hapo kila kitu kinakwenda kama kilivyopangwa, na hilo ndilo tatizo. Mwanafunzi amefuata maelekezo, ameona rangi nzuri, amepiga picha kwa simu yake. Je, amejifunza nini?

Ndipo mwalimu stadi hutoa chupa ya mwisho, ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ambayo wengi Kenya na Tanzania huiita jiki kwa jina la bidhaa moja maarufu. Husema kwamba ni alkali, na huwataka wote waandike watakachokiona. Wote huandika: kijani. Tone huanguka, ukijani huonekana kwa muda mfupi, kisha rangi yote hufifia na kutoweka. Huongezwa maji ya ndimu kidogo tu kwenye vijumba vya soda na vya majivu, na wekundu hurudi. Kwenye kile cha jiki mwalimu hakubali iongezwe ndimu wala siki, na sababu yake huitoa baadaye.

Kimya kinachofuata ndicho alichokuwa akikitafuta. Ikiwa alkali huigeuza rangi kuwa ya kijani, mbona hii imeiua kabisa? Jibu ni kwamba jiki hufanya kazi mbili. Ni alkali, lakini pia huzivunja molekuli za rangi zenyewe, na kilichovunjika hakirudi. Ndivyo inavyolitoa doa la chai kwenye shati, na ndivyo inavyoharibu kanga mpya.

Utaratibu huo wa kutabiri, kutazama na kueleza ulifafanuliwa vizuri na wataalamu wa elimu nchini Australia, Richard White na Richard Gunstone, katika kitabu chao cha mwaka 1992. Msingi wake ni rahisi. Mtu ambaye hakusema atarajie nini hawezi kushangaa, na asiyeshangaa hana sababu ya kufikiri upya.

Vifaa vingi, mafunzo machache

Hapa panahitaji kuelezwa jambo ambalo mara nyingi hukosewa. Inadhaniwa kwamba kujifunza kwa vitendo ni suala la vifaa, na kwamba Dubai yenye fedha imelimaliza tatizo hilo ilhali Afrika Mashariki bado inahangaika nalo. Sehemu ya kwanza ya dhana hiyo haina ukweli. Maabara iliyojaa vyombo vinavyong'aa huweza kutoa mafunzo duni kabisa iwapo mwanafunzi anafuata karatasi ya maelekezo kama mpishi asiyeonja chakula: tia hiki, pasha moto dakika tano, andika rangi, nenda nyumbani.

Alex Johnstone, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Glasgow nchini Uskochi, alieleza kwa nini. Kemia, alisema, husimuliwa katika ngazi tatu kwa wakati mmoja: kile kinachoonekana kwa macho, chembechembe zisizoonekana, na alama zinazoandikwa kwenye karatasi. Mwalimu aliyezoea huruka kutoka ngazi moja hadi nyingine katika sentensi moja. Mwanafunzi mgeni huanguka katikati. Mwanafunzi anayesoma kwa lugha yake ya pili au ya tatu, kama ilivyo kwa wengi Dubai, huanguka mapema zaidi.

Kenya ililishughulikia suala hilo kwa upana. Mwaka 1998 serikali ya nchi hiyo, kwa kushirikiana na shirika la Japan la ushirikiano wa kimataifa, JICA, ilianzisha mradi wa SMASSE wa kuwapa mafunzo walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari. Ulianza katika wilaya chache na kuanzia mwaka 2003 ukaenezwa nchi nzima. Nguzo zake zilikuwa shughuli, mwanafunzi, majaribio na ubunifu wa vifaa, huku mwalimu akitakiwa kupanga, kufanya, kutazama matokeo na kuboresha. Wengi waliukumbuka kwa ubunifu wa vifaa, chupa za soda zilizokatwa na mirija ya kunywea, lakini kiini chake kilikuwa ni kumtoa mwalimu ubaoni na kumfanya ajiulize mwanafunzi anafikiri nini.

Afrika Kusini nako, kituo cha RADMASTE cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand mjini Johannesburg, chini ya Profesa John Bradley, kilibuni maabara ndogo inayoingia katika kisanduku cha ukubwa wa chakula cha mchana. Badala ya neli za vioo kuna kisahani cha plastiki chenye vishimo vingi, na badala ya mililita 50 za tindikali hutumika matone. UNESCO ilisaidia kuisambaza njia hiyo katika nchi nyingi kuanzia miaka ya 1990. Hakuna kinachozuia isitumike Dubai. Matone machache yakimwagika hayamuunguzi mtu, taka zake ni kidogo, na kila mwanafunzi hufanya mwenyewe badala ya wanne kumtazama mmoja. Asiye na kisahani hicho hutumia hata pakiti tupu ya vidonge vya maumivu ya kichwa.

Wapo wanaopinga, na hoja yao si ya kupuuzwa. Baadhi ya maprofesa wa sayansi huiita kemia hii kuwa ni ya jikoni, na husema mwanafunzi huondoka akiwa na furaha nyingi na maarifa haba, hajui kupima molekuli wala kusawazisha mlinganyo. Katika madarasa yaliyogeuka tamasha la rangi na moshi, wana haki. Lakini tarakimu zaweza kuingia kwa mlango mwingine.

Chukua dhahabu. Watu wa Afrika Mashariki wanaokwenda Dubai kibiashara wanalifahamu vyema soko la Deira, na wengi wamenunua huko bangili za mahari. Dhahabu ya karati 22 ina sehemu 22 za dhahabu katika 24, zilizobaki zikiwa shaba au fedha, ndiyo maana hupigwa muhuri wa 916. Mchemraba wa sentimita moja wa dhahabu tupu una uzito wa gramu 19.3. Ule wa karati 22 ni mwepesi kidogo, kiasi cha gramu 17 na nusu hadi 18 kulingana na kilichochanganywa. Bangili ya gramu 36 ikizamishwa katika silinda nyembamba yenye vipimo, maji yanapaswa kupanda kwa mililita 2 hivi. Yakipanda 4, kuna jambo la kumuuliza muuzaji.

Mwanafunzi wa biashara hulifanya jaribio hilo kwa umakini ambao hakuwahi kuuonyesha kwa milinganyo. Halafu huambiwa habari mbaya: kuna metali iitwayo tangsteni ambayo uzito wake kwa ujazo unakaribiana sana na wa dhahabu, na bei yake ni ndogo mno. Kipande cha tangsteni kilichofunikwa kwa dhahabu kingepita mtihani wake. Kipimo hicho huweza kumkamata mwongo mmoja na kumwachia mwingine, na kulijua hilo ni sayansi pia.

Kidonge katika chumba cha jirani

Somo zito kuliko yote huanza na kitu kisicho na madhara. Vidonge viwili vitatu vya vitamini, vile vinavyotoa mapovu majini, hutiwa katika jagi refu lenye maji kidogo. Mapovu yakitulia, jagi huonekana tupu. Mwanafunzi hulichukua na kuliinamisha taratibu juu ya mshumaa mdogo uliowekwa ndani ya glasi, bila ya kumwaga maji. Hakuna kinachoonekana kikimwagika. Mshumaa huzimika.

Kilichouzima ni gesi ya kabonidayoksaidi, iliyotoka katika kitu kikavu kilipokutana na maji, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ilitiririka kutoka jagini kama maji yasiyoonekana.

Kisha mwalimu husimulia juu ya kunguni. Katika majengo ya zamani ya Deira, Satwa na kwingineko, ambako wafanyakazi wengi wa kigeni, wakiwemo walinzi, wahudumu na wasafishaji kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, hukodi kitanda tu katika chumba cha watu kadhaa, kunguni ni adha ya kudumu. Kampuni halali za kuua wadudu hutoza fedha nyingi. Mitaani kumekuwepo vidonge vya bei nafuu vinavyouzwa kwa siri. Ni vya aluminiamu fosfaidi, dawa iliyokusudiwa maghala ya nafaka, na matumizi yake majumbani yamepigwa marufuku katika Umoja wa Falme za Kiarabu.

Kidonge hicho hakihitaji kutiwa majini. Unyevu uliomo katika hewa ya Dubai unatosha. Kikikutana nao hutoa gesi ya fosfini, isiyo na rangi. Ikiwa safi haina hata harufu, ingawa ile ya vidonge mara nyingi hunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Haikai sakafuni kama ile ya mshumaa, kwani uzito wake hauizidi hewa kwa mengi. Husambaa. Hupenya kwenye nyufa za kuta, kwenye matundu ya mabomba na kwenye njia za viyoyozi, ikaingia kwa jirani ambaye hakuweka kidonge chochote.

Kwa miaka mingi vyombo vya habari vya huko vimeripoti vifo vilivyotokea kwa njia hiyo Dubai, Sharjah na kwingineko, na wengi wa waliokufa wamekuwa watoto. Dalili zake za mwanzo, kutapika, kuumwa kichwa na kubanwa kifua, hufanana na za chakula kilichoharibika, na huweza kumpotosha hata daktari. Hakuna dawa maalumu ya kuizimua sumu hiyo. Na vidonge vya aina hiyohiyo huuzwa katika maduka ya pembejeo ya Afrika Mashariki kwa ajili ya kuhifadhi mahindi, katika vijiji ambako magunia mara nyingi hulazwa ndani ya nyumba wanamolala watu.

Baada ya hapo wanafunzi huulizwa swali ambalo halina mlinganyo: jirani amefunga mlango wake kwa utepe wa plastiki, amesafiri kwa siku tatu, na chumbani kwako kuna harufu ya kitunguu saumu ilhali hakuna aliyepika. Utafanya nini, na kwa nini?

Asiyewahi kuuona mshumaa ukizimwa na jagi tupu hujibu kwamba atafungua dirisha kidogo, au atasubiri asubuhi. Aliyelishika jagi hilo kwa mkono wake huandika kwamba atawaamsha wote waliomo chumbani, atawatoa nje ya jengo na kugonga milango ya jirani anapopita, kisha atapiga simu 998 ya magari ya wagonjwa au 999 ya polisi, na atawaambia madaktari neno fosfini hata kama hakuna aliyeuliza.

Swali la pili katika karatasi hiyohiyo linarudi kwenye jiki. Msafishaji amemwaga dawa ya choo yenye tindikali, haikutoa uchafu, naye anataka kuongeza jiki juu yake katika choo kisicho na dirisha. Mwanafunzi hutakiwa aandike ujumbe mfupi wa kumzuia, kwa lugha ambayo msafishaji huyo ataielewa. Gesi ambayo ingetoka ni klorini, ileile iliyofunguliwa dhidi ya wanajeshi karibu na Ypres nchini Ubelgiji tarehe 22 Aprili mwaka 1915, na kwa sababu hiyo mwalimu hakukubali ndimu wala siki iguse kile kijumba chenye jiki.

Ujumbe huo huandikwa kwa Kiarabu, kwa Kihindi, kwa Kiurdu na kwa Kiswahili. Kwa kawaida wanaoandika mistari mingi mno hurudishiwa karatasi zao na kuambiwa wapunguze, kwa kuwa mtu aliyeshika chupa mkononi hana muda wa kusoma zaidi ya miwili.